Dawa Kali ya Dokta Shakul

Shakul alikuwa anakatiza mtaa wa Kimaka, pampu ya kunyunyizia dawa mgongoni, akitafuta mjinga wa siku hiyo, alipoona nyuma ya ua nyanya zilizotobolewa na wadudu na beberu mnene amefungwa kwenye mpera. Roho ikamruka kwa furaha. Huko Mbale, baba wa mchumba wake Rania alikuwa ameshakata shauri: kesho beberu wa mahari afike, la sivyo binti anaposwa na Bruhan.

Mwenye shamba alikuwa Afande Aber, mama mstaafu wa magereza.

"Afande, mimi dokta ya mimea. Dawa yangu mdudu nasikia harufu tu, nahama mpaka Kenya!"

"Bei?"

"Hapana pesa. Nipe ile beberu tu."

Wakakubaliana. Shakul akavaa kwa heshima zote za kitaalamu: buti za mpira, glavu, miwani, barakoa. Akamfukuza afande upande upepo unakotoka. Akapima hatua zake polepole, mstari hadi mstari, kama bwana harusi. Ndani ya pampu, msomaji wangu, kulikuwa na maji na bluu ya kufulia mashati.

Mstari wa tatu, chembe za bluu zikaziba nozeli, kile kitundu cha kutolea dawa. Shakul akashusha barakoa, akaitia nozeli mdomoni, akaipuliza mpaka ikazibuka. Alipogeuka, afande alikuwa anamtazama midomo iliyogeuka bluu.

"Dokta! Wewe nakula sumu!"

"Mimi iko sawa, afande."

"Sawa namna gani? Ama hii ni maji?" Sauti ikawa laini sana. "Kama ni maji, sema. Mimi naita polisi sasa hivi."

Shakul akatazama lango. Akamtazama beberu. Akaanza kukohoa.

"Ni sumu, afande! Wuuui, tumbo!"

"Basi vua nguo. Yote! Nguo ya sumu hapana baki kwa mwili."

Akasuguliwa kwa sabuni ya mche na brashi ya sakafu mpaka akang'aa. Suruali ikazikwa, pampu na buti zikafungiwa stoo, eti zimeshika sumu. Akavishwa gomesi kuukuu, lile gauni refu la akina mama, na kitambaa cha kichwa, akapewa nauli.

"Na beberu, afande?"

"Beberu ni ya kazi. Mgonjwa hapana fanya kazi."

Kesho yake akafika Namakwekwe, kule Mbale kwa kina Rania, na gomesi lake, akijipa moyo kwamba mdomo wake haujawahi kumtupa. Baba yake Rania akatoka mlangoni, akachungulia nyuma yake kutafuta beberu.

"Karibu, mama. Wewe ni nani?"

Shakul akaona aibu kujitaja. Akapiga magoti, akabana sauti.

"Mimi shangazi ya Shakul. Mtoto amekula sumu, hawezi kuja."

"Maskini! Pole sana, mama." Mzee akageukia ndani. "Rania! Waambie watu wa Bruhan waingie."