Mchungwa wa Shangazi na Chumba cha Uani

Jumatatu, 3 Juni

Kwach! Mlio wa mkasi wa kupogolea kwenye tawi bichi. Fundi wa bustani wa nyumba ya tatu alikata mara moja tu asubuhi, na tangu hapo sijasikia kitu kingine. Mlio usiobabaika. Usioomba radhi. Nikajua: hiki ndicho kipaji changu.

Na bahati ilivyo! Mchana Shangazi akatangaza kwamba chumba cha uani atapewa atakayeiweka bustani sawa kufikia Jumapili. Tunashindana wawili: mimi, na mwanawe, binamu yangu Kimbelembele, mtu anayepiga pasi soksi. Chumba kina mlango wake na ufunguo wake. Mimi ninalala kwenye kochi la sebuleni tangu nimalize chuo, nikifikiri mambo mazito huku watu wakinipita kufuata maji ya kunywa. Sharti nikipate.

Jumanne, 4 Juni

Kimbelembele amechukua uzio wa michongoma. Ametega kamba, anakata kwa kufuata kamba. Kazi ya kinyozi.

Mimi nimechukua mchungwa, kipenzi cha Shangazi. Niliutazama saa nzima kabla ya kuugusa. Mti una tabia mbili. Upande mmoja mnyonge, majani yamefifia. Upande wa pili unachipuka karibu na ardhi, kijani kinang'aa, miiba kama sindano. Kitabu kinasema: ondoa kilicho dhaifu, chenye nguvu kipate chakula. Tena pale upande mnyonge unapoanzia pana kinundu, kama kovu. Ugonjwa, bila shaka! Nikapitisha msumeno chini ya kinundu. Dakika nane. Nilijiona daktari.

Jumatano, 5 Juni

Mungu wangu. Mungu wangu!

Leo Shangazi alirudi kutoka kazini kabla ya giza, mkoba begani, akasimama. Hakupiga kelele. Heri angepiga! Aliuliza taratibu mchungwa uko wapi. Nikamwonyesha. Akasema huo ni mlimau.

Kumbe mchungwa wake ulibebeshwa: kijiti cha mchungwa kilifungwa juu ya shina la mlimau, vikashikana, na kile kinundu ndipo viliposhikana. Nilichokata ndicho mchungwa. Nilichoacha ni machipukizi ya mlimau, ambayo kila mtu huyakata. Kila mtu! Hata Kimbelembele alijua. Alisema, huku akitafuna, kwamba pole, dada, umesoma sana, ila mti haukukisoma hicho kitabu chako.

Shangazi akaketi kwenye ngazi na viatu vyake vya kazini. Akasema kijiti kile walikifunga pamoja, yeye na marehemu mumewe, kwa utepe wa nailoni, na mumewe alikataa kula hadi fundo likae sawa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Alhamisi, 6 Juni

Sijala kitu. (Nimekula, lakini kwa kusimama.)

Shangazi amenisamehe nusu. Anasema mchungwa wa mama jirani ni mtoto wa huu wetu. Walimgawia kijiti zamani. Mama jirani yuko kwa mjukuu wake, atarudi Jumamosi. Niende nimwamkie, nimwombe kijiti kimoja, urefu wa penseli. Fundi wa bustani atakibebesha. Nikifanya hivyo kwa adabu, habari ya chumba itazungumzwa upya. Kimoja, mwanangu, akarudia, na kidole akakinyanyua.

Kimbelembele akaguna. Kumjibu ni kumpa cheo.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefikiri sana, kwa kina. Kijiti kimoja kikikataa kushika, je? Mchungwa wa watu wawili waliopendana hauwezi kutundikwa kwenye penseli moja! Wala chumba changu. Na adabu ni nini hasa? Kumganda mama wa watu mlangoni, mizigo mkononi, uchovu wa safari mwilini? Huo ndio utovu wa adabu. Zaidi ya hayo mti wake umesongamana vibaya. Nani atamwambia, kama si mtu anayempenda?

Lango la ua wake halina kufuli.

Nimeshakata. Vijiti mia moja na kumi na sita, vyote urefu wa penseli, vimesimama kwenye ndoo tatu za maji mbele ya chumba cha uani. Kwa mama jirani mwanga sasa unapita hadi ukutani, bila kizuizi chochote.