Mkono Wangu Ulipokataa Kumwachilia Baba

Jamani, nimeaibika leo. Tena si sokoni wala kazini. Nimeaibika kaburini, kwenye mazishi ya baba yangu mzazi kule Bondo, mbele ya kanisa zima.

Kwa wasionijua: mimi ni fundi wa simu hapa Kondele. Mkono wa kulia sina, kuanzia chini ya kiwiko. Uliliwa na mashine ya kusaga mahindi miaka sita iliyopita. Mashine ilikuwa ya Baba. Aliyeiwasha ni yeye, hakujua nimeingiza mkono kutoa gunzi lililokwama. Tangu siku hiyo hakuwahi kuutazama upande wangu huo. Akinisalimia, anatazama ukuta.

Mwezi uliopita nikapata mkono wa bandia wa betri. Ndani una vidude vinavyogusa ngozi na kusoma misuli. Nikikaza msuli huu, vidole vinajifumba. Nikikaza ule, vinafumbuka. Nilitaka sana Baba auone. Akafa Jumanne, kabla sijafika nyumbani. (Nilikuwa bado najifunza kushika yai bila kulipasua.)

Kwa hivyo leo nikamwambia kaka yangu Ouma, "Nabeba jeneza. Kwa mkono huu."

"Utatuangusha."

"Siwaangushi."

Akanitazama, kisha akanionyesha kishikio cha mwisho cha jeneza, karibu na miguu.

Nikabeba! Jamani, nilimbeba Baba! Kutoka kwenye hema hadi kaburini, vidole havikulegea hata kidogo. Nilikuwa nalia huku natembea. Jua kali, suti nzito, jasho likateremka hadi ndani ya ule mkono. (Niliambiwa jasho linavivuruga vile vidude. Lakini nani anakumbuka jasho akimzika babake?)

Tukaweka jeneza juu ya kamba. Wenzangu wakaachilia, wakarudi nyuma. Mimi nikakaza msuli wa kufumbua. Wapi! Nikakaza tena. Vidole vikazidi kubana.

Waya Akinyi, shangazi yangu, dada yake Baba, akanishika bega. "Nyathina, mwanangu, mwachilie. Amepumzika."

"Nimemwachilia, Waya. Ni mkono."

"Najua inauma, mwanangu. Mwachilie."

"Waya, ni MKONO!"

Akapiga yowe. Akina mama wote wakaitikia. Kwaya ikaanza wimbo. Pasta akawaombea waliolemewa na huzuni, na wale wenye kamba, waliposikia "Amina", wakaanza kushusha.

Jeneza likashuka. Nami nikalifuata. Kwanza magoti. Kisha kifua. Mwishowe nimelala kifudifudi, kichwa ndani ya kaburi la babangu, suruali ikapasuka prrr! Nyuma yangu walikuwa wamesimama wakwe zangu. (Wa kutoka Maseno. Watu wa heshima.)

"Simamisheni!" nikapiga kelele.

Swichi ya kuuzima mkono iko upande wa chini, na upande huo ulikuwa umebanwa na mbao za jeneza. Sikuwa na njia nyingine. Nikapenyeza mkono wa kushoto, nikafungua mkanda wa ule mkono, nikajichomoa. Mimi nikabaki juu na kigutu changu. Mkono ukashuka hadi chini, peke yake, umelishika jeneza.

Halafu ukanguruma wenyewe: zzzz. Pasta akaruka nyuma, akamkanyaga mama mkwe.

Hakuna aliyetaka kuingia. Ouma akavua koti, akashuka. Akaibonyeza swichi kwa taabu, akavibandua vidole kimoja kimoja. Lakini hakupanda. Akasimama pale chini, ameushika ule mkono kama mtoto mchanga.

"Ouma, panda basi."

"Aliniuliza Jumatatu," akasema polepole.

"Nani?"

"Baba. Aliniuliza kama huo mkono wako mpya unaweza kushika kikombe cha chai. Nikasahau kukwambia."

Nikakaa chini kwenye udongo, suruali ikiwa imepasuka vile vile, nikalia mpaka kwaya ikanyamaza.

"Unashika," nikamwambia Ouma. "Mwambie unashika. Tena kupita kiasi."

Haya, chekeni. Ila siku nyingine mkiwa na msiba, mwenye mkono wa betri mpeni shada la maua abebe.