Baga Saba Zisizo Chumvi

Jumatatu, 2 Septemba 2019

Kilo tisini na nane. Nesi aliisoma kwa sauti, foleni nzima ya kituo cha afya ikasikia. Presha nayo iko juu. Kaniambia niache chumvi kabisa, nipunguze mafuta, nirudi Jumatatu ijayo.

Ningempuuza. Nimepima karafuu za watu miaka ishirini na sita mpaka nikastaafu, sihitaji kufundishwa mizani. Lakini yupo Mwanaasha. Mjane, mshona kofia, mtu pekee hapa Micheweni anayecheka ninaposema jambo la kuchekesha. Nimeshaposa tangu Rajabu. Juzi kaniletea jawabu: mume wake wa kwanza alianguka kwa presha na sahani mapajani, na yeye hana moyo wa kuzika mume mwingine. Nikipungua, atanikubali. Nisipopungua, yupo Nyange muuza chipsi, ambaye kaposa pia na ambaye hajapata kunenepa maishani mwake, kwa roho mbaya tu.

Mpango: baga. Nimeziona kwenye simu, watu wenye misuli wanazila. Protini nyingi, kalori chache. Nimetwanga pweza kwenye kinu, nikachanganya na chooko, yaani choroko, za kuchemsha, ute wa yai, kitunguu thomu na pilipili manga. Mafuta hakuna. Chumvi hakuna. Nimezichoma kwenye kikaango kikavu, na badala ya mkate nimezibana kwa vipande vya biringani. Zikatoka saba kamili.

Jikoni joto. Nyuma ya nyumba kuna jiwe kubwa lenye pango dogo, na mdomoni mwa pango pana upepo mzuri. Sahani zote chafu, kwa hiyo baga nikazipanga kwenye chano, sinia la mbao la marehemu mama, nikakiweka hapo zipoe, nikaenda kuswali adhuhuri. Kurudi, zimebaki sita. Jua la utosini, na hizo sita ni baridi kama zimetoka kwenye friji.

Nyange huyo.

Jumanne, 3 Septemba

Nimepima asubuhi kwenye mizani yangu ya zamani ya karafuu, iliyo stoo. Tisini na tano. Kilo tatu kwa siku moja! Niliposhuka, sindano ikagoma kurudi sifuri. Imesimama kwenye tatu, na hakuna kitu juu yake. Nimeitia mafuta.

Nimepika saba nyingine. Safari hii nikamwaga majivu kuzunguka jiwe ili nipate alama za mwizi. Baada ya adhuhuri zimekosekana mbili. Alama zipo, za miguu mitupu, zinatoka pangoni na kurudi pangoni. Kidole kidogo cha kushoto kimepinda nje, kama changu kilichovunjwa zamani na gunia la karafuu. Mimi nilivaa makubadhi. Kwa hiyo Nyange ana kidole kama changu. Sikulijua hilo.

Baga hazina ladha yoyote. Ndivyo afya ilivyo.

Jumatano, 4 Septemba

Mimi tisini na moja. Mizani tupu, saba.

Bi Mize, jirani yangu, mwanamke mkubwa wa umri wa mama yangu, amekatiza uani akakiona chano mdomoni mwa pango. Kasimama. Kahesabu kwa kidole. Kaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia simu. Kauliza kama nimetia chumvi. Nikamwambia, kwa fahari, hata chembe.

Akakaa chini pale pale. Anasema wazee wake walikuwa wakiwapelekea mashetani wa jiwe hilo chano mara moja kwa mwaka: vipande saba, visivyo chumvi, jua likiwa utosini, kisha wanaondoka bila kugeuka nyuma. "Mara moja kwa mwaka, Himid, na hawakula walichokiacha. Weye unapeleka kila siku, na unakula nao chano kimoja."

Nilimuuliza kwa adabu afanyeje mtu. Kasema tia chumvi, chembe tu, hawaipendi, wataondoka. Nikamweleza mambo ya presha. Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, chumvi hiyo si yako weye. Ni yao."

Mama mzuri, lakini hana elimu ya lishe. Nikamsindikiza hadi njiani. Zimekosekana tatu leo.

Alhamisi, 5 Septemba

Themanini na sita, na kumi na mbili. Suruali imeanguka msikitini nikiinuka kutoka rukuu. Aibu, lakini aibu ya ushindi.

Leo maajabu. Zimekosekana nne, na chano nimekikuta mlangoni pa jikoni, kimeoshwa, kina tawi la mrehani juu yake. Nani anaosha vyombo vya mtu na kumwekea mrehani? Mwanamke anayempenda. Nimekaa nalo tawi hilo saa nzima. Mwanaasha anakuja kwa siri, anaonja baga zangu, ananipima. Nilimsingizia Nyange bure.

Hata hivyo nimekwenda kwa Nyange, nimwoneshe suruali. Akaacha kukaanga. Akanisogezea chipsi, zina chumvi inayoonekana kwa macho, akanisihi nile, bure, kwa ajili ya Mungu. Hila nyepesi. Nikakataa. Halafu akaniuliza yule mdogo wangu kafika lini. Anasema alipita jana mchana akamwona amekaa jikoni kwangu, akampa salamu, hakuitikia. Amefanana nami sana, kasema, isipokuwa ni kama hajamaliza kuumbwa.

Sina mdogo wangu. Nyange anahitaji miwani.

Ijumaa, 6 Septemba

Sabini na nane. Ishirini. Nimegundua jambo la kitaalamu: ukijumlisha kilo zangu na zile za mizani tupu, unapata tisini na nane kila siku. Sabini na nane na ishirini. Themanini na sita na kumi na mbili. Miaka ishirini na sita sijaona mizani inayoharibika kwa utaratibu kama huu. Nimeipenda.

Leo sikupika. Mchi umekuwa mzito. Nimekwenda kuswali Ijumaa, na kurudi nimekuta baga saba mezani, zimepangwa, zinafuka moshi. Pweza sikununua. Zilikuwa za duara zaidi kuliko zangu, jambo lililoniuma kidogo. Nimekula tatu. Wakati natafuna nilisikia mtafuno mwingine upande wa pili wa meza, taratibu, unaongozana na wangu. Nilipoacha, ukaacha.

Nimekisia: Mwanaasha kanitumia ndugu yake anisaidie jikoni, na ndugu huyo ana haya.

Jumamosi, 7 Septemba

Sitini na sita. Thelathini na mbili.

Nimemwona ndugu wa Mwanaasha, kwa nyuma. Mchana mweupe, anatwanga. Kavaa shati langu la mistari, ambalo mimi sasa linaniingia mara mbili. Shingo kama ya marehemu baba. Nilimpa salamu nikiwa mlangoni. Mchi ukasimama hewani. Hakugeuka, na mimi, sijui kwa nini, nikaona ni bora asigeuke. Nikarudi kitandani.

Naandika haya kwa ukweli: niliogopa. Kisha nikakumbuka Jumatatu iko karibu na mwili unapungua, nikatulia.

Jumapili, 8 Septemba

Arobaini na tisa kwa arobaini na tisa. Sare.

Mwanaasha kaja alasiri na Bi Mize. Nilijipanga mkekani, nikavuta mashavu ndani yaonekane zaidi, kumbe hayakuhitaji. Aliponiona alijifunika uso kwa ukaya. Nilijua ni furaha. Nikamshukuru kwa mrehani na kwa ndugu yake mpishi. Akasema hajaleta mrehani wala hana ndugu mpishi. Mnyenyekevu sana.

Kisha akafungua kikaratasi. Chumvi, chembe chache. Kaniambia nile kipande kimoja tu cha baga na chumvi ile, mbele yake, na jawabu lake ni ndiyo. Hataki kilo, hataki nesi, ananitaka mimi, hata na unene wangu. Jikoni mchi ukanyamaza.

Nilikaribia kuinyoosha mikono. Nakiri. Sijawahi kuambiwa maneno kama hayo na mtu. Lakini mimi si mtoto. Huu ni mtihani. Mwanamke aliyezika mume kwa presha hawezi kuja na chumvi ila awe anapima msimamo wa mtu. Nikakataa, kwa upole na kwa ushujaa. Akalia. Kaweka kikaratasi dirishani akasema ananipa mpaka kesho alasiri: nikila, nimpelekee karatasi tupu, atajua. Nisipoipeleka, atajua pia, na atanisomea hitima kama maiti.

Alipotoka alitazama jikoni, akatoka mbio.

Jumatatu, 9 Septemba

Thelathini na moja. Kalamu inanichosha.

Sikuweza kwenda kwa nesi, lakini kadi iko mezani, imeandikwa leo: Himid Vuai, kilo sitini na saba, presha nzuri, hongera. Nyange kapiga kelele barabarani kwamba kaniona natoka kituoni, nimenawiri. Kwa mara ya kwanza kanisifu. Sitini na saba na thelathini na moja ni tisini na nane. Hesabu iko sawa, sioni cha kulalamikia.

Limebaki suala la Mwanaasha, na nimelimaliza kwa akili. Ninaweza kuwa na vyote viwili, wembamba na mke. Nimejikokota hadi dirishani, nikaimwaga chumvi nje, chembe zote, nikabaki na karatasi tupu. Atajuaje? Wiki hii hii tunafunga ndoa.

Mlango ulinishinda kusukuma. Kwa hiyo karatasi kaichukua yeye, mpishi. Alipita mbele yangu amevaa kanzu yangu ya Idi na kofia aliyonishonea Mwanaasha. Vyote vimemkaa vizuri. Safari hii aligeuka, akanitazama, akatabasamu kwa tabasamu ambalo nilikuwa nikilifanyia mazoezi kwenye kioo.

Kaelekea kwa Mwanaasha. Ninasikia hatua zake, nzito, za mtu mwenye afya. Namtakia mema.

Baga saba ziko mezani, baridi. Kesho najaribu bila kitunguu thomu. Nadhani ndicho kinachoninenepesha.