Mama Hemedi Amehamia Muhoroni

Jumanne, 1 Septemba 1987
Habari kubwa! Leo baada ya somo Ustadh Mbarak ametangaza: chama cha utamaduni kutoka Misri kinachukua msichana mmoja wa Kisumu akasome Kiarabu kwao miaka miwili. Masharti matatu. Asizidi miaka kumi na tisa. Asiwe na mume. Asiwe na mtoto. Miaka ninayo hiyohiyo. Mume aliniacha mwaka jana, kwa hiyo sina. Limebaki sharti moja. Limelala mapajani mwangu, linadondosha udenda kwenye daftari hili.

Nataka kwenda. Sijawahi kutaka kitu hivi. Nafua, napika, nafua tena. Kwa ustadh tu ndiko mtu huniuliza swali ambalo jibu lake si sabuni.

Mpango: Hemedi awe mdogo wangu. Nimemweleza Mama. Akauliza yeye amemzaa na nani, na Baba yuko kaburini mwaka wa tano. Nikasema hilo hawatauliza. Akasema mtoto atamlea, lakini kwenye uongo wangu nisimwingize yeye. Nimechukulia kwamba amekubali.

Alhamisi, 3 Septemba
Tatizo ni mtaa. Tangu nijifungue hakuna mtu Kaloleni anayeniita Subira. Ni Mama Hemedi dukani, Mama Hemedi bombani. Hata Mama mwenyewe! Nimepita nyumba kwa nyumba kupiga marufuku. Jentrix, aliyehamia juzijuzi na anayeuza mandazi mbele ya mlango wetu, akauliza kama Mama Hemedi amekufa. Nikamwambia amehamia Muhoroni, na mgeni yeyote akiuliza, jibu ni hilo. Sasa wewe nikuite nani, akauliza. Nikasema dada, inatosha. Alicheka mpaka mandazi yakaungua. Lakini ameapa kwa Yesu.

Jumamosi, 5 Septemba
Usaili. Tulikuwa wasichana tisa. Kadija, binti wa mwenye duka la vitambaa, alikuja na viatu vipya. Akasoma mistari minne, akakwama, akaanza kukohoa. Kikohozi cha uongo! Nakijua, hata mimi ninacho. Mimi nilisoma ukurasa mzima. Mzee aliyetumwa na chama cha Misri akaweka kalamu chini anisikilize.

Hapo mtoto wa watu akalia nje ya dirisha. Maziwa yakaanza kutoka yenyewe. Nikakumbatia kitabu kifuani, nikajibu maswali yote hivyohivyo, sikukiachia mpaka mwisho. Mzee akamwambia ustadh anapenda binti anayeheshimu kitabu namna ile.

Nafasi ni yangu! Ila Jumatano atapita nyumbani kuona familia.

Jumatatu, 7 Septemba
Hemedi amepelekwa kwa shangazi Asembo Bay. Mama amekwenda naye kwa hiari, maana hataki kuwepo nikidanganya. Mzee nitamwambia Mama yuko matangani. Kisumu kila mtu yuko matangani.

Kwanza ilibidi nimwachishe ziwa. Nilipaka mwarobaini. Akanyonya mara moja, akatema, akanitazama. Hakulia upesi. Alinitazama kwanza. Nikamwimbia, nikapaka tena.

Jumatano, 9 Septemba
Kifua kigumu kama jiwe. Homa. Hata hivyo nimefagia, nimechemsha chai, nimekaa ndani kungoja hodi, maana binti aliyelelewa hachungulii wanaume mlangoni. Mara nikasikia maneno nje. Nikadhani ni wateja wa mandazi.

Saa kumi Jentrix akaingia na mandazi mawili kwenye gazeti, uso unang'aa. Dada, leo nimekuokoa! Alikuja mzee wa kanzu anamtafuta Subira. Jentrix akamwambia Subira hatuna hapa. Wala hakudanganya, maskini, jina hilo hajawahi kulisikia. Mzee akaeleza: yule msichana anayesoma Kiarabu vizuri. Aa, akasema Jentrix, huyo ni Mama Hemedi! Alihamia Muhoroni. Mzee akauliza Hemedi ni nani. Jentrix akamwonyesha kwa mkono urefu wa mtoto.

Alifanya nilivyomwagiza. Nilikula mandazi yote mawili.

Ijumaa, 11 Septemba
Nafasi amepewa Kadija. Anaondoka mwezi ujao, na kikohozi chake. Ustadh Mbarak hakunifokea. Alisema tu kwamba ningemwambia ukweli mapema, angeniombea kwa yule mzee, huenda angelegea. Kisha akaendelea na somo. Sikuandika neno.

Mama amerudi na Hemedi. Nimenawa kifua kwa sabuni mara nne. Nikampa titi. Akanusa, akageuza uso kwa bibi yake. Mara ya pili, hivyohivyo. Mara ya tatu akaanza kulia kabla sijafungua kanga. Mama akasema niache, mtoto ameshasahau. Nikatoka nje nikaanika upya nguo zilizokwisha kukauka.

Sasa nimetulia, nimefikiri vizuri. Mwakani watachukua msichana mwingine. Nitakuwa na miaka ishirini, lakini hilo dogo: nitamwambia karani cheti changu kililiwa na panya, aandike kingine, apunguze mitatu. Na kuhusu Hemedi, kusema ni mdogo wangu ndipo nilipokosea. Nitasema ni wa Kadija. Atakuwa Misri, nani atamuuliza?