Kikohozi Changu Chaingia Kwenye Filamu

Jumatatu, 3 Februari
Nimeonewa! Wanafunzi wa udaktari wanafanya mtihani kwa wagonjwa wa kuigiza, yaani sisi wastaafu, na Bi Marlene ndiye anayegawa kadi za magonjwa. Kampa Doreen, mwigizaji mwenzangu, kifaduro. Tena! Mwaka wa sita! Kukohoa mfululizo, kisha ule mvuto wa pumzi unaowika kama jogoo. Ijumaa wanampiga filamu ya kufundishia, itaonyeshwa mkoa wetu mzima wa Manitoba. Na mimi, Verne Lindqvist? Kikohozi kikavu kinacholetwa na vidonge vya presha. Kah, kah. Basi! Lazima niingie kwenye filamu ile.

Jumanne, 4 Februari
Mazoezi jikoni. Kikohozi cha pumu, kifua kikipiga filimbi. Kisha cha kiungulia, kile cha kujilaza baada ya kula. Nimejilaza mezani. Mke wangu Lorna kauliza kama nimerogwa. Wivu huo.

Jumatano, 5 Februari
Majaribio na wanafunzi. Nimeficha uji wa shayiri shavuni. Kikohozi chenye makohozi, mbele ya macho yao! Wa kwanza kasema homa ya mapafu. Wa pili, bronkaitisi. Wa tatu kakimbilia machela. Ushindi mtupu!

Bi Marlene kaja juu. "We Verne, kadi imesema kikavu! Huo uji umetoka wapi?" Kaninyang'anya kadi. Kanipa nyingine: nimeteguka mguu. Doreen kacheka: "Pole babu, kohoa kwa kisigino." Atanitambua.

Ijumaa, 7 Februari
Doreen chumba cha tatu, mimi cha nne, katikati ubao mwembamba. Kamera yake ilipowashwa tu, nikaachia kifaduro hadi machozi. Mwanafunzi wangu kautazama mguu, kanisikiliza, kaandika: kakohoa, kaanguka, kateguka. Akili hiyo! Wamemwambia arudie mtihani. Doreen kanuna, maana kwenye filamu kuna vikohozi viwili na mgonjwa mmoja. Bi Marlene kasema nisikanyage pale tena.

Jumamosi, 8 Februari
Bi Marlene kapiga simu. Doreen atapigwa filamu upya, lakini ile ya jana haifutwi! Itaonyeshwa kila mwaka kwa waigizaji wapya, wasije wakafanya nilivyofanya mimi.

Haswa. Hata wakijaribu hawataweza. Nimemuuliza jina langu litaandikwa kwa herufi kubwa kiasi gani. Kakata simu, nadhani kwa machozi.