Mtaalamu wa Kutu

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe ametangaza leo wakati wa chai. Chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani, kitapewa mwenye kazi ya maana. Asiye na kazi atafute paa lake mwisho wa mwezi. Alisema "asiye na kazi" huku akitazama dari. Nimeelewa, dari haikuwa inaambiwa kitu.

Mshindani wangu ni mmoja: shemeji, kaka wa mke wangu, kinyozi. Mtaani wanamwita Wembe. Ananyolea watu barazani kwenye kiti cha plastiki na anataka chumba akifanye saluni. Nywele! Kitu kinachoota bure vichwani mwa watu. Mimi nitafungua jumba la kumbukumbu. Mashine ya kutafutia chuma ardhini ninayo tayari: kile kirungu cheusi ambacho walinzi huwapitishia watu kiunoni langoni. Rafiki yangu mlinzi wa benki kaniazima chake cha zamani. Kasoro yake ni moja, hakisikii mbali. Inabidi nitambae kwa tumbo.

Mke wangu, muuguzi wa zahanati, ametoka zamu akanikuta uani kifudifudi. Akauliza kama nimeanguka. Nikamwambia niko kazini. Akasema basi nikitoka kazini nifue hilo shati mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Siku kubwa! Kirungu kimelia kutwa nzima, hasa kando ya ukuta wa chumba cha mbele. Nimechimba kila kilipolia. Nimepata ncha ya mkuki wa shujaa, sarafu ya mfalme yenye tundu katikati, na medali ya vita yenye meno meno pembeni. Pia bonge la chuma na udongo, zito, halina mbele wala nyuma. Hilo nimempa mama mkwe agandamizie mfuniko wa pipa la maji. Akanishukuru. Tangu harusi hajawahi.

Sasa umri. Watu wa kawaida huhangaika na vitabu. Mimi nina ulimi. Kutu chungu ni ya karne nyingi, kutu isiyo na ladha ni ya juzi. Nimevilamba vyote vitatu. Vya juzi. Havijaiva.

Wembe amepita na ndoo, akasema shemeji, ukikutana na meno yangu ya utotoni niwekee. Wateja wake wameanza kuniita Profesa. Heshima haiombwi, huja yenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Vitu nilivilaza kwenye beseni la chumvi na siki. Leo vina kutu ya kupendeza. Nimevionja upya. Vichungu kupita kiasi! Hata mimi sikutegemea kwamba ni vya kale namna hii. Nimepiga simu makumbusho, mtaalamu atakuja Jumamosi.

Mke wangu ameuliza siki imekwenda wapi na beseni la kuogea lina nini. Nimemwambia lina historia. Ameoga kwa jirani.

Jumamosi, 8 Machi

Mtaalamu ni mwanamama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni, hana haraka. Nilikuwa nimepanga vitu juu ya kitambaa cha meza ya sebuleni. Mama mkwe alikuwepo, mke wangu, Wembe, na mteja aliyenyolewa upande mmoja.

Mkuki, akasema, ni ubavu wa mwavuli. Sarafu ni washa, kile kipete cha chuma kinachovishwa bolti. Medali ni kizibo cha soda. Akavinusa, akauliza nani kaviweka kwenye siki. Nikamwambia siki hupatikana sana ardhini. Alikuwa na kalamu mkononi lakini hilo hakuliandika. Wembe alicheka mpaka akakaa chini.

Nilikuwa nimekwisha. Mke wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Mama mkwe akaenda kumchotea mgeni maji, akaondoa lile bonge juu ya pipa, na mtaalamu akasimama ghafla. Akapiga magoti. Akaligeuza kwa vidole viwili. Akasema hii ni kengele ya mnyama. Bamba moja la chuma limekunjwa, likaunganishwa kwa ribiti, misumari butu iliyopondwa kwa nyundo, na hakuna mshono wa kuchomelea popote. Huenda ni ya zamani mno. Ya lini hasa, udongo ulioganda ndani ndio utakaosema. Isioshwe. Isiguswe.

Nikamwambia nililijua hilo tangu mwanzo, ndiyo maana niliiweka mahali pa wazi.

Hakuja na vifaa vya kuisafirishia. Akaiweka kwenye boksi na udongo wake, akaifungia chumba cha mbele, akapitisha utepe mlangoni mpaka Ijumaa atakaporudi. Ikithibitika ni ya kale, kiwanja kitafanyiwa uchunguzi, na hapatakuwa na biashara wala ujenzi, pengine mwaka mzima. Mama mkwe akauliza, na chumba cha mbele je? Hicho hasa, akajibiwa, maana nilikuwa nimeshamwonyesha mtaalamu shimo: imetoka kando ya ukuta wake.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda, nimeshindwa. Wembe haingii chumbani, lakini na mimi siingii, na mwisho wa mwezi hauna utepe. Mama mkwe amenikumbusha asubuhi. Na mchana.

Nimelala chali nikawaza. Kama vipya viliweza kuzeeka, cha kale kitashindwaje kuwa kipya?

Jumatano, 12 Machi

Nimeingia kwa dirisha. Mtaalamu alikataza kuosha, sikuosha: nimesugua kwa msasa. Alikataza kugusa, nikavaa glavu za mke wangu za zahanati. Udongo wa ndani nimeukwangua kwa bisibisi nikaumwaga kwenye maua ya mama mkwe. Kisha nikaipaka rangi ya fedha, mara mbili. Inang'aa kama sufuria ya dukani. Hakuna atakayeipa umri wa zaidi ya wiki mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Mtaalamu amefungua boksi akainama karibu kabisa. Nilidhani amependa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Akaniuliza udongo uko wapi. Nikamwonyesha maua.

Macho yalimlowa. Akasema hakuna tena awezaye kujua kengele hii ni ya lini, wala ilivikwa mnyama gani, wala na watu gani. Kimebaki chuma kilichopakwa rangi. Nilijisikia vibaya kwa muda. Upande mmoja rangi ilikuwa imechuruzika.

Ila akang'oa utepe! Hakuna kiwanja cha kufungwa. Nikamgeukia mama mkwe, nikanyoosha mkono kupokea ufunguo. Ufunguo ukapita mbele ya mkono wangu ukaenda kwa Wembe. Nikauliza, na jumba la kumbukumbu? Mama akaniuliza kwa upole, kumbukumbu ya nini, mwanangu?

Jumatatu, 24 Machi

Saluni imejaa. Benchi limefika barabarani. Mke wangu akitoka zamu anakwenda kufagia nywele, na anacheka huko. Mimi sijamsikia akicheka tangu nianze utafiti. Inauma.

Mama mkwe anasema neno lake ni lilelile. Nimebakiwa na wiki moja. Lakini kinyozi bila mashine ya kunyolea ni mtu aliyesimama nyuma ya mtu mwingine. Wembe alipokwenda kunywa chai, nimeichukua nikaifukia karibu na pipa. Saluni itafungwa yenyewe.

Jumanne, 25 Machi

Ushindi! Asubuhi Wembe amekuja kwangu mnyonge. Mashine imepotea, wateja wamejaa, na mmoja ni bwana harusi wa leo mchana. Akasema, shemeji, mwenye kirungu ni wewe, tusaidie. Mbele ya watu wote! Tangu niingie nyumba hii hakuna aliyewahi kuniomba utaalamu wangu. Ningekataaje?

Nikachukua kirungu. Sikutambaa hata hatua moja. Nikaenda moja kwa moja karibu na pipa, kikalia, nikafukua, nikaitoa mashine ya kunyolea. Nikailamba mbele yao na kutoa umri wake: imefukiwa jana, mchana, wakati wa chai. Sijawahi kupatia kwa usahihi kama huo.

Mama mkwe akauliza nimejuaje. Nikamwambia ni kipaji. Wembe aliifuta mashine kwa shati lake, akarudi kwa bwana harusi.

Jioni hii nimekuta mama mkwe ameniwekea begi mlangoni, nguo zangu zote zimekunjwa vizuri, kirungu juu yake. Za mke wangu hazimo, nadhani atanifuata baadaye. Bila shaka nimeitwa kazini nje ya mji. Hawajaniambia ni mji gani, lakini sifa zangu zimeshafika.