Malalamiko Kuhusu Kifaa Kilichotupeleka Chorbed

Bweni la Wafanyakazi Na. 2,
Yekaterinburg,
3 Septemba.

Kwa Mkuu wa Malalamiko,
Kiwanda cha Vifaa vya Kuonyesha Njia.

Mheshimiwa Mkuu,

Pokea salamu zangu, wewe na wote mnaofanya kazi pamoja, hasa wale wanaosimama kutwa nzima, maana najua magoti yao yanavyosema jioni. Mimi naitwa Ubaydullo Norov. Huu ni mwaka wa kumi na tisa namwaga zege katika mji huu. Kwangu ni Isfara, Tajikistani, ambako mke wangu, binti yangu na mama yangu mzazi wanakaa katika nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, likizo baada ya likizo. Shule niliishia darasa la sita, vita ilipoingia. Kwa hiyo nikikosea mwandiko nisamehe, lakini nikisema jambo lichukue kama lilivyo.

Nakuandikia kuhusu kifaa chenu, kile cheusi kinachonata kwenye kioo cha gari na kusema kwa sauti ya mwanamke. Nilikinunua mwezi wa pili. Ndani ya boksi mlitia karatasi inayosema, "Maoni yako ni muhimu kwetu." Haya, yapokee.

Mwezi wa saba nilipewa likizo ya siku ishirini na moja. Nikaamua kumpeleka mama kwenye maji ya moto, upande wa pili wa milima, akaloweke magoti yake. Shemeji aliniazima Opel. Tulikuwa wanne: mimi, mama, mke wangu Zulayho, na binti yetu Manija mwenye miaka kumi na tano. Tulitarajia kufika kwenye maji ya moto siku hiyohiyo kabla ya jua kuzama. Hatujafika mpaka leo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwanamke wenu hasalimii watu. Asubuhi ile mama alikuwa amekipakata kifaa kama mtoto, akitazama picha zake, akabonyeza moja iliyompendeza, ya kijumba chenye paa. Papo hapo mwanamke akaanza kwa Kirusi: "Nenda mbele." Nikamtafsiria mama. Mama akamjibu kwa upole, "Na wewe hujambo, mwanangu? Umeamkaje?" Akajibiwa, "Nenda mbele mita mia nane." Mama akaniuliza, "Huyu kalelewa na nani?" Hata hivyo alimkatia kipande cha mkate akakiweka mbele ya kioo, kwa sababu kwetu mtu huwezi kusafiri naye ukala peke yako. Mkate ule ulikaukia pale.

Zulayho naye aliumia kwa namna yake. Alisema, "Miaka kumi na saba nakwambia punguza mwendo, masikio yako yana pamba. Huyu anasema mara moja tu, mguu uko kwenye breki. Ningejua, ningejifunza Kirusi."

2. Hesabu zenu za muda ni za mtu asiye na ndugu. Kifaa kilisema safari ni saa saba. Lakini hapo katikati kuna Istaravshan, na Istaravshan anakaa shangazi yake Zulayho, na mlango wake unatazama barabara. Hakuna mtu aliyewahi kupita pale bila kunywa chai akabaki na heshima yake. Tukaingia. Nilikuja na kifaa mkononi ili kisiibiwe. Tumeketi tu, shangazi anamimina chai, kikaanza: "Geuka urudi. Geuka urudi." Mara tisa. Shangazi alikaa miaka miwili jeshini na mumewe huko Urusi, Kirusi anakielewa. Akaweka birika chini. "Nani huyo anayewaambia mrudi? Mmeingia sasa hivi. Nimewakosea nini?" Ilibidi tule bakuli mbili za ziada za pilau ili aamini kwamba hakuna kinyongo. Tulitoka pale saa tisa alasiri. Nakuuliza, Mheshimiwa, setilaiti inayoona shimo la barabarani inashindwaje kumwona shangazi?

3. Ramani yenu haionyeshi ugomvi. Hili ndilo lalamiko kubwa, nalo lazima nilieleze vizuri.

Nina mdogo wangu, Qahhor. Yeye ndiye kitindamimba, kwa hiyo kwa desturi yetu ndiye aliyebaki katika nyumba ya baba, kijiji cha Chorbed, katika bonde la mto Zarafshan. Miaka sita iliyopita baba alifariki asubuhi. Mimi nilikuwa ghorofa ya kumi na nne, hapahapa. Nilimpigia Qahhor, nikamwomba anisubiri hadi kesho mchana, kwa kuwa ndege ilikuwa kesho asubuhi. Alimzika kabla ya sala ya alasiri. Aliniambia kwenye simu, "Kaka, maiti hasubiri ndege." Nikamjibu kwamba kuanzia siku hiyo hana kaka. Nikakata simu, nikarudi kumwaga zege, kwa sababu gari la zege lilikuwa limeshafika nalo pia halisubiri.

Tangu hapo sijapita mbele ya lango lile. Mama akitaka kumwona Qahhor hupanda teksi ya pamoja, na mimi hujifanya sijui. Tulipoalikwa harusi huko chini bondeni, niliwavusha watu wangu daraja, tukapita ng'ambo ya pili ya mto kwenye njia ya mbuzi, saa mbili zaidi, vumbi mpaka kwenye meno. Isfara nzima inajua kwamba Ubaydullo hapiti Chorbed. Muuza matikiti wa barabarani anajua. Ninyi mna setilaiti na hamjui.

4. Kifaa kilinilazimisha. Ukishuka kutoka milimani unafika Ayni, na pale barabara inagawanyika. Ukinyoosha unakwenda kwenye maji ya moto. Ukikata kulia unashuka na mto Zarafshan, na mtu yeyote aliyezaliwa kule anajua unakokwenda. Mwanamke wenu akasema, "Kata kulia."

Manija akasema, "Baba, maji ya moto ni mbele moja kwa moja. Kibao kile pale." Nikamwambia, "Nyamaza, hiki kinaona kutoka juu. Huenda barabara imefungwa na maporomoko." Zulayho akasema, "Kulia ni kwa nani, unajua lakini." Mama alikuwa anatazama nje upande wake, amekaza kitambaa chake kidevuni.

Nilikata kulia. Mimi ni mtu wa miaka arobaini na minne, usukani ulikuwa mikononi mwangu, breki chini ya mguu wangu, na nililazimishwa. Naomba hili liandikwe.

5. Barabara ile ni nyembamba, mlima huku, mto kule. Nilitafuta mahali pa kugeuzia gari nikakosa. Sehemu za kugeuzia zipo kumi na moja, nilizihesabu, lakini ya kwanza ilikuwa na punda, ya pili ilikuwa na kivuli kizuri nikaona si vema kuharibu kivuli cha watu, na zilizobaki zilikuja ghafla mno. Katika moja nilisimama kabisa. Nikashuka, nikanawa uso kwenye mfereji, nikakaa juu ya jiwe. Zulayho akaja akasimama karibu yangu, akasema, "Ukitaka turudi, turudi. Nitamwambia mama gari limechemka." Nikiwa bado nawaza, kutoka garini mwanamke wenu akasema, "Endelea na safari." Sasa mtu ufanye nini? Tukaendelea.

6. Sasa njoo kwenye uzembe wenu mkubwa kuliko wote. Njia nzima mwanamke yule hakunyamaza. Kona aliitaja, tuta alilitaja, mzunguko mtupu usio na gari hata moja aliutaja. Tulipofika mbele ya lango la baba, lango lilelile la buluu, mahali ambapo binadamu anahitaji kuambiwa afanye nini, alisema, "Umefika." Akanyamaza.

Kutoka garini hadi langoni kuna hatua ishirini. Ndizo hatua pekee katika safari yote ambazo sikujua njia yake. Nianze na salamu au na kukohoa? Nimtazame usoni au nitazame miguu? Niseme nini kwanza? Nilikitazama kifaa. Kilionyesha kibendera chekundu tu.

Bahati nzuri au mbaya, Qahhor alikuwa juu ya paa akikandika udongo na makapi kabla ya mvua. Alituona. Alishuka ngazi taratibu, mikono imejaa matope, akaja hadi dirishani kwangu. Amepata mvi. Hakuna aliyeniambia kwamba amepata mvi. Akainama, akatazama ndani, akasema, "Kaka. Miaka sita kutoka Isfara hadi hapa? Mlipitia wapi?"

Nikasema, "Ni hiki kifaa ndicho kilichotuleta." Nikakionyesha kwa kidole, kama mtoto aliyevunja bakuli.

Qahhor akakiinamia, akakiambia, "Ahsante sana, dada. Karibu na wewe chai." Zulayho alicheka mpaka akafunika uso. Mama alikuwa ameshatoka upande wa pili, anakwenda zake jikoni.

7. Kifaa chenu kilinifanyisha kazi wakati wa likizo. Kesho yake asubuhi Qahhor alinipeleka makaburini, kilimani nyuma ya kijiji. Kaburi la baba lilikuwa limezungushiwa kokoto, safi, limepaliliwa. Jiwe halikuwepo. Nikauliza jiwe liko wapi, tena kwa ukali, maana nilikuwa natafuta kosa. Akasema, "Lipo nyumbani. Linaegemea ukuta. Nililichonga mwaka ule ule."

"Mbona hukuliweka?"

"Kulisimamisha ni kazi ya mtoto mkubwa. Kumzika hakukusubirika, kaka. Jiwe lilisubirika."

Tulilibeba sisi wawili kupanda kile kilima, kilo themanini au zaidi, tukipumzika mara nne, tukigombana njia nzima kuhusu nani anavuta vibaya. "Inua upande wako, bwana! Huko Urusi mnabeba pamba?" "Wewe nyamaza, tazama unapokanyaga!" Nilichimba shimo, nikakoroga zege mwenyewe. Katika miaka kumi na tisa hilo ndilo zege la kwanza nililomwaga bila msimamizi kunipigia kelele, na limekaa sawa kama maji kwenye birika. Lakini hoja yangu inabaki palepale: mtu anayebeba mawe miezi kumi na moja hapaswi kubebeshwa jingine likizoni. Nadai mnirudishie siku hiyo.

8. Kifaa kilimponya mama bila idhini ya daktari. Magoti yaliyoshindwa kupanda ngazi tatu Isfara, Chorbed yalichuchumaa mbele ya tanuri la mkate siku sita mfululizo. Nilipomwuliza, alisema, "Yanauma, yanauma sana," huku akiinuka na sinia kichwani.

9. Mwisho, kifaa kimeniharibia hasira yangu. Ghorofa ya juu wakati wa baridi, upepo unapita kwenye koti kama halipo. Wenzangu huvaa sweta mbili. Mimi nilikuwa namkumbuka Qahhor, nikapata joto. Miaka sita nimejikimu hivyo. Sasa kila Ijumaa ananipigia simu, ananieleza habari za miti yake miwili ya aprikoti iliyokufa, ananiuliza nimekula nini. Msimu wa theluji unakuja na sina kitu cha kukasirikia.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba yafuatayo: ramani zenu zionyeshe ugomvi wote kwa rangi nyekundu, na uzito wake, mashangazi waingizwe katika hesabu ya muda, mwanamke wenu afundishwe salamu, na kifaa kisinyamaze mpaka mtu avuke kizingiti na kupewa mahali pa kukaa. Pia mnitumie koti zito, saizi hamsini na mbili. Msipotekeleza, nitapeleka jambo hili mbele, ingawa sijajua mbele ni wapi, na safari hii sitamwuliza mwanamke wenu.

Nisalimie wote kiwandani, nisalimie na familia yako, na mama yako kama yu hai. Nisalimie pia yule dada mwenye sauti. Mama anauliza ameolewa?

Wako, mteja aliyefikishwa asikotaka,
Ubaydullo Norov.

Baada ya kusaini: Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha Manija alipopiga simu. Anasema amekichunguza kifaa, maana nilikiacha Isfara, na kwamba kile kijumba alichobonyeza bibi yake kina maana ya nyumbani, na kwamba kifaa hupeleka watu pale mwenye kifaa alipoandika mwenyewe siku ya kwanza. Akaniuliza, "Baba, nani aliandika Chorbed?"

Nimekumbuka. Ilikuwa mwezi wa pili, nimekaa kitandani hapa bwenini, nimekitoa kwenye boksi, kikaniuliza kwa maandishi nyumbani ni wapi. Hakikuniuliza kingine. Niliandika kwa kidole kimoja, polepole, na Isfara haikunijia kabisa.

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi tisa nayafuta, isipokuwa la salamu. Badala yake nina moja tu. Manija ameuliza kama abadilishe kile kijumba kiwe Isfara, nami nimemkataza, halafu Zulayho akachukua simu akaniuliza yeye ni mpangaji au vipi. Kifaa chenu kina kijumba kimoja. Tafadhali ongezeni cha pili.